Kati ya mgonjwa na jamaa yake



Vijana wa shule wakiulizwa kazi za hospitali, hutaja mganga, muuguzi, mkunga, na yule anayepima damu kwa darubini. Wachache humkumbuka mtu wa tano, ambaye hana sindano wala dawa mkononi. Yeye hukaa benchini pamoja na jamaa ya mgonjwa, huandika majina katika daftari, huuliza watoto wamelala wapi usiku, hutafuta nani atalipa chakula, huenda nyumbani kwa mgonjwa na kurudi. Kwa Kifaransa huitwa assistant social. Sisi katika ukurasa huu tutamwita msaidizi wa jamii.

Siku za kawaida kazi yake haionekani sana, na wengine hudhani ni kazi ya maneno matupu. Lakini ugonjwa mkubwa wa kuambukiza ukiingia nchini, ndipo inapojulikana kwamba hospitali haiwezi kusimama bila yeye. Hapo ndipo swali letu la juma hili linapozaliwa: mtu wa namna hiyo, asiye na dawa ya kumpa mgonjwa, anayeona watu wakifa leo na kesho na kesho kutwa, anapata wapi matumaini ya kurudi kazini asubuhi? Mmoja atajibu upesi: katika imani yake. Mwingine atacheka na kusema: katika mshahara wake. Majibu hayo mawili yana ukweli, lakini hayatoshi. Afadhali tutazame mambo yenyewe, jinsi yalivyokuwa Beni na Butembo tangu mwaka 2018 mpaka mwaka 2020.

Tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini, upande wa Mangina, karibu na Beni. Ilikuwa mara ya kumi ugonjwa huo kuzuka katika Kongo tangu mwaka 1976, ulipojulikana kwanza Yambuku. Safari hii ulienea mpaka Ituri, ukagusa na Goma na Kivu ya Kusini. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 mwezi wa sita mwaka 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na kati yao 2,287 walikuwa wamekufa. Katika Kongo, Ebola haijapata kuua watu wengi kama hao.

Nchi ya Beni ilikuwa na msiba wake hata kabla ya hapo. Tangu mwaka 2014 watu walikuwa wakiuawa kwa panga usiku, mashambani na vijijini, na waliobaki wakilia bila kusikiwa. Kisha, kwa ajili ya Ebola, magari meupe yakaja kwa makumi. Watu wakaulizana: Je, miaka minne tulipokufa kwa panga, magari haya yalikuwa wapi? Tena mwishoni mwa mwaka 2018 nchi nzima ilipopiga kura, watu wa Beni na Butembo waliambiwa wangoje mpaka mwezi wa tatu mwaka 2019, kwa sababu ya ugonjwa na ya vita. Basi, nani atashangaa kwamba wengi walisema Ebola ni jambo la siasa? Wafanyakazi wote waliopigana na ugonjwa waliitwa kwa jina moja tu, Riposte, na jina hilo katika vinywa vingi halikuwa jina jema.

Lakini kisa kikubwa cha uchungu kilikuwa kingine. Kwetu mgonjwa haachwi mikononi mwa hospitali peke yake. Mama yake humpikia, dada yake hufua nguo zake, ndugu mmoja hulala chini kwenye mkeka kando ya kitanda. Akifa, jamaa humwosha, humvika, hukesha naye. Hizo ndizo alama za upendo ambazo kila mtoto hufundishwa nyumbani. Sasa Ebola huambukiza kwa njia hizohizo: kwa jasho, damu, matapishi, kwa mkono unaoosha na mkono unaofuta. Humshika hasa yule anayependa sana. Ndiyo maana mgonjwa alichukuliwa, akaingizwa nyuma ya uzio katika kituo ambacho watu walikiita CTE, na wenye kumtunza walivaa mavazi yaliyofunika mwili wote, hata uso. Jamaa walibaki nje. Mara nyingi jambo la pili walilosikia ni kwamba ndugu yao amekufa, na kwamba watu wengine watamzika.

Katika nafasi hiyo, kati ya uzio na nyumba, ndipo waliposimama wasaidizi wa jamii pamoja na wenzao wa elimu ya nafsi. Tueleze kazi yao kwa mfano. Tuseme mama mmoja wa Butembo amempeleka mume wake CTE jana jioni. Asubuhi msaidizi anafika kwake. Hakai garini na kupiga honi. Gari amelisimamisha mbali, maana gari la Riposte likionekana mlangoni, kutwa yake hakuna jirani atakayenunua nyanya za mama huyu. Anabisha hodi, anasalimu kwa Kinande, anangoja kukaribishwa. Kisha anasema alichokuja nacho: “Mama, nimemwona baba Kambale saa kumi na mbili asubuhi. Amekunywa uji kidogo. Homa bado iko juu. Ameuliza kama mtoto mdogo amekwenda shule.”

Mama anauliza, “Atapona?”

“Mama, sijui. Waganga nao hawajui bado. Leo saa nane nitarudi na habari nyingine, ikiwa njema au mbaya.”

Tazameni vizuri neno hilo “sijui”. Mtu asiyejua kazi hii angesema, “Usiogope, mama, atapona.” Angedhani anatia matumaini. Kesho mume akifa, mama yule angekuwa amepoteza mume na tena amepoteza mtu wa pekee aliyemwamini, na jirani zake kumi wangejifunza kwamba watu wa Riposte ni waongo. Msaidizi aliyefundishwa vizuri hatoi ahadi asiyoishika mkononi mwake. Ahadi aliyoishika ni moja tu: nitarudi saa nane. Na saa nane ikifika, anarudi. Kwa maoni yetu, hapo ndipo siri ya matumaini ya watu hawa ilipokaa. Hawakuyaweka katika hesabu ya waliopona, maana hesabu hiyo ilipanda na kushuka bila kuwauliza. Waliyaweka katika kitu kidogo walichoweza kukitimiza jua lisijatua.

Lugha ilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Mwanzoni matangazo mengi yaliandikwa kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili cha vitabuni, na maneno ya kiganga yalitia hofu. Mtu akiambiwa kwamba jina lake liko katika orodha ya waliogusana na mgonjwa, na kwamba atafuatwa kwa siku 21, alifikiri anafuatwa na polisi. Ilihitajika mtu wa kukaa chini na kumwambia, kwa lugha ya mama yake, kwamba ugonjwa unaweza kujificha mwilini mpaka siku 21, na kwamba yule anayekuja kila asubuhi anakuja kupima homa tu. (Sisi tunaoandika Kiswahili kila juma tungefaa kulikumbuka jambo hili tunapochagua maneno yetu.)

Vitu vingine vilisaidia. Shirika moja la waganga, liitwalo ALIMA, lilileta Beni vyumba vyenye kuta za plastiki inayoangaza, ambavyo waliviita CUBE. Mgonjwa akilala ndani, jamaa waliweza kusimama nje, wakamwona uso, wakazungumza naye, na yeye akawaona bila mtu wa kuvaa kofia kama ya kizimamoto kusimama kati yao. Kwa mganga faida ilikuwa kwamba anaweza kumhudumia mgonjwa kupitia mikono ya mpira iliyoshonwa ukutani. Kwa msaidizi wa jamii faida ilikuwa nyingine: uvumi ulikosa chakula. Mzee wa mji aliyesema kwamba ndani ya CTE watu hukatwa viungo aliweza kuletwa, akatazama kwa macho yake mwenyewe, akarudi mtaani na habari yake.

Hata katika maziko ilikuwa vivyo. Mifuko ya kufungia maiti ilikuwa ya rangi moja, imefungwa kabisa, na watu walinong’ona kwamba ndani mna mawe tu, mwili umeuzwa. Msalaba Mwekundu walipokusanya maneno ya watu na kuyasikiliza, mifuko ikabadilishwa, ikapata sehemu inayoangaza juu ya uso. Mtoto wa marehemu aliweza kusema, “Ndiye,” kisha kaburi likafukiwa. Ni kipande kidogo cha plastiki, bei yake haitajwi katika ripoti kubwa. Lakini msaidizi aliyekuwa amefukuzwa kwa mawe katika matanga ya kwanza aliweza, katika matanga ya baadaye, kupewa kiti.

Sasa tuje kwa watu ambao, tukiulizwa, tungewataja wa kwanza katika habari hii yote. Ni wale waliougua wakapona. Wengi katika mji waliwaita washindi.

Karibu theluthi moja ya waliougua walikuwa watoto. Zaidi ya hao, walikuwako watoto wengi wasio wagonjwa, lakini mama yao alikuwa ndani ya CTE, na kwa kuwa walikuwa wamelala naye kitanda kimoja, hakuna shangazi wala jirani aliyethubutu kuwapokea kabla ya siku 21 kupita. Mtoto wa miezi minane amwachie nani? Basi karibu na CTE ya Beni, kisha Butembo, shirika la UNICEF na wenzake walifungua nyumba za kulelea watoto hao. Walezi walioajiriwa humo walikuwa wanawake na wanaume waliokwisha kupona Ebola. Kwa kuwa miili yao ilikuwa imeushinda ugonjwa, hatari kwao ilikuwa ndogo, wakaweza kubeba mtoto kifuani, kumnywesha maziwa, kumwimbia mpaka alale. Walipewa jina zuri la Kifaransa, berceuses, maana yake wale wanaobembeleza.

Fikirini mwanamke aliyepoteza mume na watoto wawili katika majuma matatu. Ametoka CTE na cheti mkononi, kinachosema kwamba hana ugonjwa tena. Nguo zake na godoro lake vimechomwa. Anafika mtaani, watu wanavuka njia wasikutane naye. Sokoni fedha zake zinapokelewa kwa jani. Kwa nini amebaki peke yake? Hakuna awezaye kumjibu, wala mtu asijaribu kumjibu kwa maneno mepesi. Kisha msaidizi wa jamii anakuja kumwambia: kuna mtoto ambaye hakuna mtu katika mji huu awezaye kumshika, ila wewe. Hakumpa maelezo ya msiba wake. Amempa mtoto. Kovu lile lililomfanya akimbiwe sokoni ndilo sasa linamfungulia mlango ambao wengine wote wamefungiwa.

Wazee husema: mwenye kovu usidhani amepoa. Ni kweli. Wengi wa washindi hao walibaki na maumivu ya viungo, macho kufifia, usingizi kukatika usiku. Walezi walilia, wengine katikati ya wimbo. Hata hivyo wasaidizi wa jamii waliofanya kazi nao walipata kwao jambo ambalo halipatikani katika kitabu. Mgonjwa mpya aliyekataa kula, aliyesema kwamba CTE ni mahali pa kufa, aliletewa mtu akamwambia, “Ndugu yangu, mimi nililala katika kitanda kile pale.” Msaidizi aliyesoma miaka mitatu chuoni alikaa kando, akanyamaza, akaacha yule mwingine aseme.

Na hapa tunataka kukumbusha jambo la zamani. Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit, katika Bandundu ya wakati ule, ikaua watu wapatao 250, na kati yao masista sita Waitalia wa shirika la Bergamo, waliokuwa wauguzi. Siku hizo dawa haikuwako. Mganga wetu Jean-Jacques Muyembe na wenzake walijaribu kuwapa wagonjwa wanane damu ya watu waliopona, saba waliishi. Wengi ulimwenguni hawakuamini kwamba damu ndiyo iliyowaponya. Lakini baadaye wataalamu walichukua damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, wakatafuta ndani yake kinga moja yenye nguvu, wakaifanya kuwa dawa, inayoitwa mAb114. Ilijaribiwa Beni, Butembo na Mangina pamoja na dawa nyingine tatu, na mwezi wa nane mwaka 2019 ikaonekana kuwa moja ya mbili zilizoponya zaidi. Basi mtu wa Kikwit aliyepona akisikitika, bila kujua kwa nini yeye amebaki na wengine wamekwenda, alikuwa na jibu ndani ya mishipa yake, na jibu hilo lilingoja zaidi ya miaka ishirini likaponye mtoto wa Kivu. Wasaidizi wa jamii wa Beni walipenda kuwasimulia wagonjwa habari hii? Wale walioijua, hatuna shaka, waliisimulia. Ingefaa isimuliwe hata shuleni.

Tusifanye lakini kama kwamba wote walikuwa malaika. Kazi yenye fedha nyingi huvuta nzi. Mwezi wa tisa mwaka 2021 tume iliyochunguza mambo ya miaka ile ilitoa ripoti ikisema kwamba watu 83 waliofanya kazi katika Riposte walishtakiwa kuwatumia vibaya wanawake na wasichana, mara nyingi kwa kuwaahidi kazi, na 21 kati yao walikuwa wa shirika la afya la ulimwengu, OMS. Wazazi wanaosoma ukurasa huu hawahitaji maelezo zaidi. Tunalitaja kwa sababu msaidizi mwaminifu alilipia madhambi hayo. Alipobisha hodi, mlango ulimdhania yule mwingine.

Tena aliogopa kwa ajili ya roho yake. Mwezi wa pili mwaka 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilichomwa moto katika juma moja. Tarehe 19 mwezi wa nne mwaka huo, Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo kikuu cha Graben, Butembo, wakamwua mganga Richard Mouzoko, Mkameruni, aliyekuwa amekuja kutusaidia. Mwezi wa kumi na moja wafanyakazi wengine wanne waliuawa usiku mmoja, Biakato na Mangina. Wafanyakazi wengi wenyeji waliwaficha jirani zao kazi waliyoifanya; walivaa fulana ya kazi wakiisha kufika, wakaivua kabla ya kurudi nyumbani. Ni taabu kubwa kumhudumia mtu wa mtaa wako mchana na kumwogopa usiku.

Kwa nini basi hawakuacha? Wengine waliacha, wala si haki kuwalaumu. Waliobaki hawakubaki kwa ushujaa wa peke yao. Jioni walikaa pamoja, mara nyingi na mtaalamu wa elimu ya nafsi, kila mmoja akataja jambo moja la siku ile: mtoto aliyekubali kula, mzee aliyemtukana, maiti aliyemzika. Aliyelia aliachwa alie. Aliyechoka sana alipumzishwa siku mbili, bila kuitwa mvivu. Watu wengi hudhani kwamba mwenye kusaidia wengine hahitaji kusaidiwa. Twaona fikira hiyo hata kwa walimu wetu na hata kwa mapadri. Huko Beni ilionekana waziwazi kwamba msaidizi anayeficha machozi yake mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu huanza kuwaita wagonjwa kwa namba za vitanda vyao.

Na kulikuwa na nyimbo. Kila mgonjwa aliyepona alitolewa nje kwa ngoma na makofi, wauguzi na wapishi na walinzi wakicheza pamoja. Tarehe 3 mwezi wa tatu mwaka 2020 alitoka Beni mgonjwa aliyedhaniwa kuwa wa mwisho, mwanamke, na watu wa kituo wakacheza mpaka wakatoka jasho. Siku zikahesabiwa. Ilibaki siku mbili tu tangazo la mwisho litolewe, ndipo tarehe 10 mwezi wa nne akaonekana mgonjwa mpya, kijana, palepale Beni. Kila kitu kikaanza upya: orodha, homa za asubuhi, benchi la jamaa. Ukitaka kujua matumaini ya mtu yametengenezwa na nini, mtazame asubuhi kama ile. Wale walioyajenga juu ya tarehe ya tangazo walianguka. Wale waliokuwa na mama wa kumtembelea saa nane walikwenda kumtembelea.

Wakati uleule Korona ilikuwa imekwisha kuingia Kinshasa, mgonjwa wa kwanza akiwa ametangazwa tarehe 10 mwezi wa tatu mwaka 2020. Ajabu ni kwamba nchi tajiri, zilizokuwa zikitutazama kwa huruma, zilikutana ghafula na jambo ambalo Beni ililijua kwa miaka miwili. Katika hospitali za Italia na za Marekani milango ilifungwa, jamaa wakakatazwa kuingia, na wazee wakafa bila mkono wa mtoto wao. Huko nako wasaidizi wa jamii wa hospitali waligeuka kuwa daraja. Walipiga simu kwa jamaa kila siku, walishika simu yenye picha mbele ya uso wa mgonjwa ili binti yake aage, na jioni wakaenda nyumbani na maneno waliyoyasikia.

Kazi yenyewe si mpya. Mwanamke aitwaye Cicely Saunders alikuwa msaidizi wa jamii katika hospitali ya London, na katika mwaka 1947 alimtunza mkimbizi mmoja Myahudi kutoka Poland, David Tasma, aliyekuwa akifa kwa kansa, bila jamaa katika nchi ile. Walizungumza sana, na wakaota pamoja nyumba ambamo watu wanaokufa wangetunzwa vizuri zaidi. Alipokufa, mapema mwaka 1948, alimwachia paundi 500, akisema ziwe dirisha katika nyumba hiyo. Nyumba haikuwako bado. Saunders alisoma tena, akawa mganga, na mwaka 1967 akafungua St Christopher’s, ambayo imefundisha ulimwengu mzima namna ya kuwatunza wanaokufa. Mgonjwa wake hakupona. Yeye alifanya kazi miaka kumi na tisa kwa ajili ya dirisha la mtu aliyekwisha kuzikwa.

Turudi kwetu. Riposte ilipofunga mizigo yake, magari yaliondoka, na mikataba ya wasaidizi wengi ikaisha siku moja na ugonjwa. Kazi haikuisha. Virusi huweza kukaa muda mrefu katika mwili wa aliyepona, hasa katika mbegu za mwanamume, ndiyo maana washindi walihitaji kufuatwa kwa miezi mingi kwa upole na siri. Mwezi wa pili mwaka 2021 Ebola ilirudi upande wa Biena, karibu na Butembo, kwa mwanamke aliyekuwa mke wa mtu aliyepona. Watu 12 waliugua, 6 wakafa. Safari hii ilizimwa kwa miezi mitatu tu, kwa sababu wenyeji waliofundishwa walikuwa bado mahali pao, wakijua milango na kujulikana. Mwezi wa tisa mwaka 2025 ikazuka mbali, Bulape katika Kasai, na benchi la jamaa likahitaji tena mtu wa kukaa juu yake.

Kwa vijana watakaotuuliza njia ya kuingia katika kazi hii: katika shule nyingi za sekondari kuna mchepuo wa jamii, option sociale, ambao baadhi ya wazazi huudharau wakisema ni wa wale walioshindwa hesabu. Baada ya diploma ya serikali mtu anaweza kuendelea katika vyuo vya juu, kama kile cha INTS, Kinshasa. Mitihani ya huko si rahisi. Na mtihani mmoja hauandikwi: kuketi mbele ya mtu mwenye msiba, na kukaa robo saa bila kusema neno.